Hadija, Kabla ya Siku Zake

Kwetu Tabora shangazi ndiye mwenye jina. Mama atabeba mimba na kichefuchefu chake, baba atahangaika kutafuta mbuzi, babu atakohoa na kuomba dua, lakini siku ya saba ikifika watu wote hugeuza shingo kumtazama dada wa baba. Naye, ambaye hakubeba chochote, hutoa jina kwa madaha kana kwamba ndiye aliyezaa. Mimi ni shangazi wa namna hiyo. Watoto wote wa ndugu zangu wa kiume niliwapa majina mimi, na sikuwahi kuomba ushauri wa mtu.

Jina langu mwenyewe ni Hadija. Nalitaja kwa sababu habari hii ni ya jina hilo. Watu wengine nitawaacha bila majina, maana mji wetu ni mdogo na mimi bado nakaa barazani na cherehani yangu, mbele ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja, na sipendi mteja aje kuchukua gauni lake akiwa amenuna.

Nimekua nikilionea fahari jina hili. Nyumbani tulisimuliwa kwamba lilifika Unyamwezi kwa miguu. Bibi wa bibi yetu alikuwa mke wa mpagazi, akafuatana na mumewe kwenye msafara hadi pwani, chungu kichwani na mtoto mgongoni. Alilala Tura, ambako siku hizi treni inasimama na abiria wanachungulia dirishani kununua karanga. Akavuka Ugogo kwa kiu, akafika Bagamoyo. Wenzake walirudi na shanga na kaniki. Yeye alirudi na shahada na jina jipya, na la zamani hakuna mtu katika ukoo anayelikumbuka.

Jina alilochukua ni la mke wa Mtume, Bi Hadija wa Makka, mfanyabiashara aliyekuwa na misafara yake mwenyewe na watu wa kuituma hadi Sham. Wetu alikuwa ndani ya msafara wa watu wengine, akipika uji wa wapagazi. Ukoo wetu haukujali tofauti ndogo kama hiyo. Tuliamua kwamba Hadija maana yake ni tajiri mwenye heshima zake, tukarithishana jina kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, na kila aliyelipata aliongeza kilo na sauti. Hakuna aliyewahi kwenda kuuliza. Kiarabu chetu sisi watu wa mjini ni cha kusalia na cha kuapia. Cha kuulizia maana hatukuwahi kukihitaji.

Sasa, kitinda mimba wetu ni fundi ujenzi. Kazi zake nyingi ziko Isikizya, kwenye barabara ya Nzega, na huko huko barabarani, akienda na kurudi, akampata binti wa watu wa Lusu, wilaya ya Nzega, watu wa jembe na ng'ombe. Wifi yangu huyo ni mtu wa maneno machache. Ukimuuliza jambo, anamaliza kwanza kupepeta mchele ndipo akujibu, na jibu lenyewe linatosha kwenye kijiko. Mimi na yeye tulitaniana kama inavyopasa mawifi. Nilimwambia watu wa Lusu huamkia ng'ombe kabla ya mama mkwe. Akanijibu, baada ya kumaliza ungo mzima, kwamba ng'ombe ana shukrani, na kwamba watu wa Tabora mjini hulala njaa ilmradi kanzu imepigwa pasi.

Mtoto wao wa kwanza alikuwa wa kike. Siku ya saba nikafika na shela langu jipya, nikampa jina Asha. Hilo maana yake nilikuwa naijua, kila mtu anaijua: aliye hai. Tulikula pilau, maalim akasoma dua, nikarudi nyumbani nimeridhika na kazi yangu. Homa ilimchukua yule mtoto kabla hajaota jino.

Sitapiga chuku hapo. Tulimzika, tukakaa matanga, tukatawanyika. Tangu siku ile wifi yangu hakulitamka tena lile jina, na mimi, ambaye hunyamaza nikiwa na pini mdomoni tu, sikulitamka mbele yake.

Mimba ya pili ikaja. Safari hii tulikuwa tunaitazama kwa pembeni, tunazungumza habari za mvua. Zikiwa bado zimebaki wiki nyingi kabla ya siku zake, wifi akapelekwa hospitali, akafanyiwa operesheni, na mtoto akatolewa. Wa kike tena. Njiti. Mkono wake ulikuwa mwembamba kuliko kidole changu cha shahada. Walimweka kwenye wodi ya watoto njiti, chumba chenye joto la jikoni, mrija wa maziwa puani, na kibao cha kitandani kimeandikwa "mtoto wa" kisha jina la mama yake.

Siku ya saba ikafika, na mimi nikafika nayo. Najua huwezi kumnyoa nywele mtoto wa namna ile, na mbuzi angeweza kusubiri. Lakini jina halichinjwi wala halinyolewi. Nilijikaza nikavaa gauni la heshima, nikakaa kwenye stuli kando ya kitanda.

"Wifi, leo ni siku ya saba," nikamwambia.

"Najua."

"Nimekuja na jina."

Akamtengeneza mtoto khanga, taratibu, kona moja baada ya nyingine. "Hapana, wifi."

"Hata hujalisikia. Nampa jina langu. Hadija."

"La kwanza ulilitoa wewe," akasema. Hakusema kwa ukali. "Lilikuwa zuri. Nikimpa huyu jina, akiondoka nitakuwa na mtu wa kumlilia. Akiwa hana, nitalia tu."

Mtu mwenye akili timamu angenyamaza. Mimi nikasema, na nesi akiwa anasikia, kwamba Hadija si jina la hivi hivi, ni jina lenye uzito, na kwamba nitakwenda kwa maalim nimletee maana yake kamili na nguvu zake zote, ndipo tuone kama atalikataa. Wifi akaniambia niende salama. Njia nzima nilikuwa nimefura. Nilikuwa na hasira, na nilijidanganya kwamba ni kwa ajili ya mtoto, kumbe ilikuwa kwa ajili ya shangazi aliyekataliwa mbele ya nesi.

Maalim wetu ni mzee mwembamba, mwenye subira, anayeshona kanzu zake kwangu. Alikuja kesho yake kujaribu mpya. Nikamsimamisha barazani, nikapiga magoti na pini zangu kupima upindo, nikauliza kwa sauti ili na Mhindi wangu asikie kutoka ndani ya duka.

"Maalim, Hadija maana yake nini?"

"Unataka maana ya jina, au sifa za Bi Hadija?"

"Si kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja. Sifa ni za mtu. Utajiri, uaminifu, heshima, hizo ni zake mwenyewe, Mungu amridhie. Neno lina mambo yake."

"Basi nipe hayo mambo ya neno."

Akatazama juu ya kichwa changu, barabarani, namna anavyowatazama wanafunzi ambao jibu halitawafurahisha. "Ni neno la wafugaji," akasema. "Ngamia jike akizaa kabla siku zake hazijatimia, Waarabu wana neno la kulisemea jambo hilo. Hadija limetoka humo. Ni yule aliyezaliwa kabla ya wakati."

"Njiti," nikasema.

"Kwa maneno ya hospitali, ndiyo."

Ndani ya duka kulikuwa na kimya cha mtu anayezuia kicheko. Umri wangu wote nimetembea mji huu kifua mbele na jina la ndama wa ngamia, tena ambaye hakuiva. Mkono ukateleza, pini ikampata maalim kwenye kifundo cha mguu.

"Si mimi niliyewafundisha Waarabu kufuga," akasema, akajikuna. Kisha akaongeza, maana walimu hawajui kukomea njiani, kwamba wale wafugaji walikuwa watu wa kupambanua. Walimtenga mtoto anayetoka mapema na umbo lake limetimia, na yule anayekaa siku zake zote tumboni na bado akatoka na upungufu. "Jina lako ni la yule wa kwanza," akaniambia. "Amewahi tu. Hajapungukiwa." Wakati ule maneno hayo sikuyatilia maanani. Nilikuwa na shughuli ya kukasirika.

Niliapa wifi hatalijua. Mtoto njiti, mama mwenye hofu, na mimi nimebeba jina lenye maana ya njiti, na nilikwishajitapa nitamletea maana yake. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Basi nikanyamaza, ila jioni nikampigia simu kitinda mimba wetu na kumweleza kila kitu, kwa kuwa na mimi ni binadamu. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Ndugu yangu ni pakacha la namna hiyo, na mzigo wote ulikuwa umemwagikia kwa mkewe kabla mimi sijafika wodini.

Nikamkuta ameegemea mto, ananitazama kuanzia miguuni. Mimi ni mwanamke mkubwa. Nikipanda bajaji, dereva huinama kwanza kutazama magurudumu.

"Wifi," akasema, "kumbe wewe ni njiti."

Akacheka. Tangu msiba ule sikuwa nimemsikia akicheka, na sasa alikuwa amekishika kidonda chake cha operesheni kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, akina mama wengine nao wanaulizana kuna nini, wakaelezwa, wakacheka nao. Nesi akaja kutunyamazisha, akaelezwa, akatoka nje kwa haraka. Niliumia na nikafurahi, vyote kwa pamoja, na nikaona ndiyo nafasi yangu.

"Basi si unaona," nikasema. "Jina limempata mwenyewe. Hakuna mtu wodi nzima linayemkaa kama yeye."

Kicheko kikakatika. Akajifuta uso na pembe ya khanga.

"Asha maana yake nini, wifi?"

"Unajua."

"Basi usinifundishe maana."

Nikamwachia uji na michembe ya viazi vitamu niliyomletea, nikaondoka.

Haikupita muda kidonda chake kikachafuka, akapata homa, wakamhamishia wodi nyingine wamtibu huko. Akawa hawezi kumbeba mtoto. Na watoto wale hawalazwi tu. Hufungwa kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu na mwanawe, kutwa kucha, wapate joto la mwili. Mama mkwe wake hakuwepo, kwa sababu ni mama yetu, naye ni marehemu. Mama yake mzazi alikuwa anaugua miguu. Nesi akanitazama kifua, bila aibu, namna ninavyowatazama wateja.

"Wewe mama unafaa," akasema. "Una nafasi, na una joto."

Kazi zangu za kushona nikazifunga. Nikavuliwa blauzi, nikafungwa mtoto kwa khanga katikati ya kifua, kikofia cha sufu kimegusa kidevu changu, nikaambiwa nikae hivyo. Mimi, ambaye hata swala naiharakisha, nikafundishwa kukaa.

Tatizo langu la kwanza lilikuwa mazungumzo. Siwezi kukaa na mtu nisizungumze naye, na sijui kuzungumza na mtu asiye na jina. Nilijaribu "wewe," ikawa kama namfukuza. Nilijaribu "mgeni," nikakumbuka kwamba mgeni huaga. Nilijaribu "bibi," akapiga chafya. Akina mama wengine walikuwa wanawaita wao kwa majina, mengine marefu kuliko watoto wenyewe, na mimi nabembeleza hewa.

Mchana mmoja wodi ilikuwa imetulia, wengi wamesinzia. Nikainamisha kidevu. Sikio lake lilikuwa pale pale, dogo, laini, karibu na mdomo wangu. Nikajiambia mimi ni shangazi, haki ni yangu, neno moja tu na hakuna atakayejua. Nikavuta pumzi. Na mdomo ukakataa.

Niliogopa. Nimewajibu askari wa mjini, nimemfukuza mwizi wa vitambaa na mkasi mkononi, na niliogopa kumnong'oneza mtoto mchanga jina langu mwenyewe. Nilipompa Asha jina lake sikuwa nimembeba. Nilikuwa nimebeba sinia la pilau. Huyu nilikuwa namsikia anavyopumua, na kuna wakati watoto hawa husahau kupumua. Pumzi ikatulia. Nikangoja. Nesi alikuwa ametuonyesha la kufanya, nikaingiza mkono chini ya khanga, nikausugua unyayo wake kwa kidole, nikausugua tena, na akarudi, amekasirika, akivuta hewa kwa nguvu. Nikalia kwa kujizuia, nisimtikise. Kama angeondoka ile dakika nisingejua hata nililie nini, na bado nilijua kwamba hiyo ingekuwa nafuu kuliko kuwa na neno la kulilia. Wifi yangu alikuwa ameniambia ukweli mtupu, na mimi nikakimbilia kwa maalim.

Homa ya wifi iliposhuka wakamrudisha. Nikafungua khanga, nikamkabidhi mtoto, nikahisi baridi kifuani. Alimpokea, akamkagua vidole, kisha akanigeukia.

"Umempa jina?"

"Sikumpa."

Akanikazia macho muda mrefu. Ananijua. "Wabeja, wifi," akasema, akinishukuru kwa lugha ya kwao, ambayo alikuwa hajawahi kunisemesha.

Tangu siku hiyo nikaacha kulitaja. Nilikuwa nakuja asubuhi, nakaa kwenye stuli, nampokea mtoto mama akitaka kuoga, namrudisha. Nilimsimulia wifi yale maneno ya mwisho ya maalim, kwamba wafugaji walimwita hivyo aliyewahi ambaye hajapungukiwa. Sikusema kwa kumshawishi. Alisikiliza, akaendelea kukunja nepi.

Mtoto akaongezeka uzito. Daktari akasema mrija utolewe, anyonye mwenyewe. Akiweza kunyonya, anakwenda nyumbani. Akishindwa, mrija unarudi, na kila anayerudishiwa mrija pale wodini tulikuwa tunajua mama yake anavyokuwa siku hiyo. Ndugu yangu akawa anakuja kutoka Isikizya na saruji kwenye viatu, anasimama nje ya dirisha, anauliza kwa mikono: vipi? Nami namjibu kwa mikono: bado.

Mtoto hakutaka kazi. Wifi anamweka titi mdomoni, yeye analamba kidogo, anafumba macho, analala. Akiamshwa anageuza shingo upande wa pili. Wifi akabembeleza, akaimba kwa sauti ya chini, akamkamulia tone kwenye mdomo. Siku hiyo ikapita, na iliyofuata. Nesi akasema tungoje mpaka mchana, kisha itabidi.

Asubuhi hiyo nilikuwa pale, nimeshika beseni. Wifi alikuwa hajalala vizuri, maziwa yamejaa mpaka yanamwuma, kitenge kimelowa. Akamweka tena. Mtoto akalamba, akatema, akageuza shingo, akapiga mwayo wa mtu aliyemaliza shughuli zake. Nikaona subira ya Lusu inamwishia wifi yangu mbele ya macho yangu. Akamshika kichwa, akamgeuza, akasema kwa sauti ya kila siku, ile ya mama aliyechelewa shambani na bado ana vyombo vya kuosha:

"Hadija. Hebu acha ujinga. Nyonya."

"Abee," nikaitika, kwa mazoea ya maisha yangu yote, nikainuka nusu na beseni langu.

"Si wewe, wifi," akasema bila kuinua macho, maana mtoto alikuwa amelikamata titi na mashavu yake yalikuwa yanakwenda. "Namwita mwanangu."